Kiazi, chungu na andazi: mtoto mdogo anavyojifunza maumbo na viungo vya mwili nyumbani

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameamka usiku wa manane analia. Mama anampapasa tumbo, anamchungulia mdomoni, anamwuliza, "Wapi panauma, mwanangu?" Mtoto analia tu. Miezi sita baadaye, akiulizwa swali hilohilo, anashika sikio. Asubuhi wakifika zahanati, mhudumu ana pa kuanzia. Neno "sikio" mtoto hakulijua usiku ule. Alilisikia mara nyingi mchana, akiwa mzima, kutoka kwa mtu aliyekuwa akimwogesha au akimenya viazi karibu naye.

Wazazi wanaotusikiliza hutuuliza zaidi kuhusu vifaa: mabango ya ukutani, vitabu vya picha, maumbo ya plastiki ya rangi rangi. Vitu hivyo si vibaya, na aliye navyo avitumie. Lakini kwa familia ya Mlalo, Soni au Bumbuli, vifaa vingi vya kumfundishia mtoto wa mwaka 1 hadi 4 vimo tayari jikoni na nje ya mlango.

Kwanza tujue mtoto hutarajiwa kufanya nini. Orodha ya hatua za makuzi ya kituo cha Marekani cha kuzuia magonjwa, CDC, inasema kwamba watoto wengi wakifika miaka 2 huweza kuonyesha angalau viungo viwili vya mwili wakiulizwa. Wakifika miaka 3 huchora duara wakionyeshwa namna. Wakifika miaka 4 huchora mtu mwenye viungo vitatu au zaidi. Tazama jinsi mambo haya mawili yanavyokutana: kichwa cha mtu wa kwanza anayechorwa na mtoto huwa ni duara, na macho yake ni maduara mengine madogo ndani yake. Orodha hii si mtihani. Hata hivyo, mtoto wa miaka 2 asiyeonyesha kiungo chochote na asiyegeuka akiitwa, apelekwe kituo cha afya aangaliwe usikivu wake. Tusingoje kwa kusema "ataanza tu".

Sasa tuanze na kiazi, maana Lushoto ina viazi. Tunakiita kiazi mviringo, ingawa ukikitazama vizuri vingi vina umbo la yai na vingine havina umbo lolote linalotajika. Mpe mtoto beseni la maji na viazi vitano avioshe. Mwambie akupe kikubwa, kisha kidogo. Kata kimoja katikati mbele ya macho yake: uso uliokatwa unakaribia duara. Kikate pande zote na utapata mchemraba. Nusu nyingine ichonge ncha iwe pembetatu, ichovye kwenye udongo mwekundu uliokorogwa na maji, umwache agonge mihuri juu ya kipande cha boksi. Kisu kinabaki mkononi mwa mtu mzima muda wote.

Kiazi kina macho pia. Ndivyo wakulima wanavyoviita vile vishimo vinavyochipua. Mtoto akishasikia kwamba kiazi kina macho, atauliza mdomo uko wapi. Mchongee mdomo. Vijiti viwili viwe mikono, viwili viwe miguu. Mtu wa kiazi hukaa siku tatu nne kabla hajanyauka, na kwa siku hizo anaulizwa kila asubuhi pua yake iko wapi.

Wazo la kumpa mtoto maumbo ayashike badala ya kumtajia majina matupu lina umri mkubwa. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto tufe, mchemraba na silinda vya mbao. Kwetu sisi chungwa, kipande cha sabuni ya mche na kopo tupu lisilo na makali vinafanya kazi hiyohiyo.

Udongo una utajiri wake. Wanawake wa Usambara wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi, na hata nyumba isiyo na mfinyanzi haikosi udongo wa kuchezea. Mtoto akiviringisha donge kati ya viganja anapata tufe. Akilibonyeza anapata duara bapa. Akilisugua juu ya ubao anapata kitu kirefu kama nyoka, na nyoka akikunjwa ncha zikakutana, duara limerudi. Na hapa Kiswahili chenyewe kinamsaidia mwalimu: chungu kina mdomo, kina shingo, kina tumbo. Mfinyanzie mtoto chungu kidogo, mguse tumbo la chungu kisha tumbo lake. Watoto hucheka sana hapo, na kinachowachekesha hawakisahau.

Siku ya maandazi ndiyo tunayoipenda zaidi. Unga umeumuka, umekatwa madonge: tufe. Donge limesukumwa: duara. Duara limekatwa mara mbili kwa msalaba: vipande vinne vinavyoitwa pembetatu, ingawa upande mmoja wa kila kipande umepinda. Mtoto wa miaka 4 anaweza kuligundua hilo mwenyewe. Akikuambia kwamba hii si pembetatu sawasawa, mkubalie, yuko sahihi. Wakati wa kukanda, taja viungo vinavyofanya kazi: kiganja kinasukuma, vidole vinabana, kiwiko kinakunjika. Mtoto apewe donge lake, hata kama litatoka na rangi ya mikono yake. Wakati wa mafuta ya moto, akae mbali kabisa.

Jikoni kuna hatari, nasi hatuwezi kuziruka. Karoti mbichi iliyokatwa vipande vya duara inapendeza kwa somo la maumbo, lakini kipande hicho kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Ichemshe hadi ilainike, uikate vipande vyembamba kwa urefu. Plamu itolewe kokwa na ikatwe vipande vidogo. Karanga nzima na bisi asipewe mtoto wa chini ya miaka 4. Mafiga matatu yanaunda pembetatu nzuri, ila ionyeshwe asubuhi moto ukiwa umezimika na majivu yamepoa.

Lugha gani itumike? Ile inayozungumzwa nyumbani. Bibi anayebaki na mjukuu siku ya soko na kumtajia goti, kisigino na kisogo kwa Kisambaa hamcheleweshi. Mtoto akishakijua kitu chenyewe, jina la Kiswahili analiongeza juu yake, na mengi atayasikia kabla hajafika darasa la awali.

Sehemu za siri nazo zina majina. Nyumba nyingi hutumia majina ya utani, na tunaelewa aibu inatoka wapi. Lakini mtoto anayesema "nimeshikwa hapo" kwa jina linalojulikana kwao peke yao, anaweza asieleweke na mwalimu, jirani wala daktari. Wakati wa kuoga unatosha: hiki ni kifua, hili ni goti, huu ni uume au huu ni uke, haya ni makalio, na hapa hashiki mtu isipokuwa anayekuogesha au mganga mama akiwepo. Na hata hao, wakikuumiza au wakikuambia ufiche, uniambie. Hayo yasemwe kwa sauti ileile iliyotaja goti. Mwenye wasiwasi kuhusu mtoto yeyote anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Mtoto akikosea, akaliita goti kiwiko, usimcheke mbele ya wageni wala kumkaripia. Gusa goti, sema "goti", endelea kumenya. Kesho viazi vitamenywa tena.