Viwanda Bila Nyumba: Chimbuko na Ukuaji wa Kitongoji cha Namuwongo, Kampala

Makala haya yanaeleza jinsi reli na viwanda vilivyokizaa kitongoji cha Namuwongo, kusini-mashariki mwa Kampala. Hoja kuu ni kwamba makazi ya mabanda ya Namuwongo hayakutokana na ukaidi wa wakazi wake, bali na mpango wa mji ulioitengea kazi ardhi, ukawasahau wafanyakazi.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931. Shirika la Maendeleo la Uganda lilianzishwa mwaka 1952, na bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, umeme ulichochea ujenzi wa viwanda. Maghala na karakana za jiji zilijipanga bondeni, jirani na Namuwongo. Hata leo eneo mojawapo la kitongoji hicho huitwa Go-down, yaani godauni. Serikali ya kikoloni iliwajengea wafanyakazi Waafrika nyumba za Nakawa na Naguru, lakini hazikutosha, na mwaka 2011 nazo zilibomolewa. Kibarua anayelipwa kwa siku huhitaji kulala mahali anapoweza kutoka kwa miguu kwenda kazini. Mahali hapo palikuwa ukanda mwembamba baina ya reli na mafunjo ya Nakivubo.

Hali hiyo ilikwisha kuonekana Manchester, ambako mwaka 1845 Friedrich Engels alieleza nyumba za wafanyakazi zilizosongamana kando ya mto uliojaa taka. Nchini Uingereza, sheria za afya ya umma, kuanzia ile ya mwaka 1848, ziliufanya usambazaji wa maji safi na uondoaji wa majitaka kuwa wajibu wa mamlaka za miji, hatua kwa hatua.

Namuwongo nako kulifanyika jaribio. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mradi wa serikali ulipima viwanja na kuboresha makazi ya upande wa juu. Thamani ya ardhi ilipopanda, wengi wa kipato cha chini walishindwa kubaki, wakateremka bondeni. Huko waliungana na wageni wengine, wakiwamo waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda. Mwezi Julai 2014, mabanda yaliyokuwa katika hifadhi ya reli yalibomolewa.

Ni kweli kwamba kuishi kando ya reli ni hatari, na kwamba kinamasi cha Nakivubo huchuja majitaka ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Viktoria, linakotoka maji ya kunywa ya jiji hilohilo. Hata hivyo, ubomoaji huondoa banda bila kuondoa sababu ya banda. Mwezi Januari 2019, Mahakama Kuu ya Uganda iliamua kwamba kukosekana kwa miongozo ya uhamishaji kunakiuka haki za wanaohamishwa, ikaiagiza serikali iiandae. Miongozo pekee haitoshi: kila mpango wa eneo la viwanda unapaswa kutenga, tangu mwanzo, ardhi ya makazi ya gharama nafuu iliyo karibu na kazi, na kulinda haki ya mpangaji thamani ya kiwanja inapopanda. Bila hivyo, atakayeondolewa relini leo atajenga kinamasini kesho.