Kipima mwinamo: Kifaa kidogo kwa trekta la mlimani
Wakulima wa ngano wa Karatu na West Kilimanjaro wanaijua hasara ya trekta kupinduka: msimu hupotea, na dereva anaweza kupoteza maisha. Kipima mwinamo, yaani kibomba kilichopinda chenye gololi ndani ya kimiminika, humwonyesha dereva trekta limelala ubavu kwa nyuzi ngapi.

Kukifunga si kazi ngumu. Kwanza sawazisha upepo wa tairi za pande zote mbili. Egesha trekta mahali tambarare, weka kifaa mbele ya dereva kikingame upana wa trekta, gololi ikae kwenye sifuri, kisha kaza skrubu.

Baadaye kihakiki. Soma kipimo, geuza trekta liangalie lilikotoka, tairi zikanyage palepale, usome tena. Kikionyesha nyuzi 4 kushoto, kisha 2 kulia, mwinamo halisi ni 3. Legeza skrubu, kirekebishe kisome 3. Gololi ikikwama, tazama kama kimiminika kimevuja.

Hata hivyo, kifaa hiki hakioni shimo wala kisiki kilichoko mbele. Fremu ya kumkinga dereva pamoja na mkanda bado ni lazima.