Chumba cha mbao: Kwa nini moto hurudi baada ya kufifia

Majengo ya mbao zilizounganishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, yanazidi kuongezeka duniani. Mjini Milwaukee, Marekani, jengo la Ascent lenye orofa 25, nyingi zikiwa za mbao hizo, lilikamilika mwaka wa 2022. Wengi hupenda kuacha mbao wazi ndani kwa sababu ya urembo wake. Moto ukizuka, uamuzi huo una uzito mkubwa.

Katika chumba cha mawe, moto huteketeza vilivyomo: makochi, magodoro na mapazia. Vikiisha, hufifia. Pale ambapo kuta na dari ni mbao wazi, chumba chenyewe hugeuka kuni. Joto chini ya dari likifika takriban nyuzi 600 za Selsiasi, karibu kila kitu hushika moto kwa pamoja. Gesi iliyokosa hewa ndani hutoka na kuwaka nje ya dirisha, na ndimi zake zinaweza kufikia orofa ya juu.

Hata hivyo, mbao nene haiporomoki upesi. Uso wake hugeuka mkaa kwenye nyuzi 300 hivi, na mkaa huo hukinga sehemu ya ndani. Wahandisi hukadiria kuwa mbao laini huungua milimita 0.65 kwa dakika, yaani karibu milimita 40 kwa saa. Ndiyo maana nguzo huongezwa unene.

Hatari nyingine imo katika gundi. Isiyostahimili joto hulegea, tabaka lililoungua huanguka, mbao mpya hubaki wazi na moto uliokuwa ukififia huwaka upya. Majaribio ya Marekani ya mwaka wa 2017 yalidhihirisha jambo hilo. Mwaka uliofuata, kiwango cha ubora cha Amerika Kaskazini kilirekebishwa ili kudai gundi inayostahimili joto.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka wa 2010, huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti. Mkazi anayepanga kujenga kwa mbao hizi anashauriwa:

• Kumuuliza muuzaji aina ya gundi iliyotumika.
• Kufunika dari na baadhi ya kuta kwa jipsamu.
• Kuweka vifaa vya kutambua moshi na vya kunyunyiza maji.
• Kuwasilisha michoro kwa kaunti kabla ya kuanza ujenzi.

Moto ukizuka, toka, funga mlango nyuma yako ili kupunguza hewa, kisha piga 999 au 112. Usirudi ndani hata kama moto unaonekana kuzimika. Subiri maafisa wa zimamoto wathibitishe.