Bomba Lisaidialo Moyo, na Namna ya Kusikiliza Malalamiko Yake

Msomaji mmoja, baada ya kupata habari kwamba siku hizi matabibu huweza kupitisha bomba dogo hadi ndani ya moyo wakati wanapoizibua mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ameuliza swali ambalo halijibiki kwa neno moja: ikiwa bomba limekwisha kuupokea moyo mzigo wake, ni madhara gani tena yawezayo kumfika mgonjwa pale mezani, nayo huondolewaje? Habari za vyumba vinne vya moyo naziacha, kwani vitabu vya shule vimezieleza vya kutosha. Naingia moja kwa moja katika bomba.

Bomba hilo, ambalo kwa ajili ya makala hii nitaliita bombamoyo, lina asili yake barani Afrika. Mwaka 1976 Richard Wampler, tabibu wa Marekani aliyekuwa katika kijiji cha El Bayad nchini Misri, aliwaona watu wakipandisha maji kwa parafujo ya Archimedes, chombo cha kale kisichosukuma kwa vishindo bali huzunguka tu, na maji yakapanda. Akawaza kwamba damu nayo yaweza kupandishwa vivyo hivyo. Wazo lake lilifika ndani ya mwili wa mgonjwa mwaka 1988, na baadaye Thorsten Siess, mhandisi wa Aachen, Ujerumani, alilifanya bomba kuwa dogo hata mota yake ikaingia mwilini pamoja nalo. Aina itumikayo sana leo, Impella CP, haifiki milimita 5 kwa unene, huweza kuzunguka mara 46,000 kwa dakika, na hutoa zaidi ya lita 3 za damu kwa muda huo.

Bomba hupitishwa kinenani katika ateri ya paja, likapandishwa kinyume na mkondo wa damu hadi aota, mshipa mkuu utokao moyoni, likavuka vali iliyo mlangoni mwake, na mdomo wake wa kunyonyea ukatua kama sentimita 3.5 chini ya vali hiyo, ndani ya chumba cha chini cha kushoto, huku tundu la kutolea likibaki juu, katika aota. Na hapa ndipo penye ajabu inayonipendeza kuliko zote, maana bomba hili, likiwa limefichika ndani ya kifua ambamo jicho la mtu halifiki, hutoa lenyewe habari ya mahali lilipo. Mota yake huzunguka kwa kasi ileile, lakini kazi yake haiwi ileile: moyo unapojikunja, shinikizo la chumbani hupanda hata likakaribiana na lile la aota, na damu hupita bombani kwa wingi; moyo unapolegea, shinikizo la chumbani huanguka, tofauti ya pande mbili za vali ikawa kubwa, na damu hupita kwa uchache. Kwa sababu hiyo umeme unaoliwa na mota hupanda na kushuka pamoja na kila pigo la moyo, na kiwambo cha mashine huuchora kama wimbi. Bomba likiteleza likazama lote chumbani, au likitoka lote likakaa katika aota, mdomo na tundu huwa katika shinikizo moja, na wimbi lile hulala likawa mstari. Mwenye kuijua lugha hiyo hutambua mara moja kwamba bomba limehama. Hupunguza kasi yake, kisha hulisogeza polepole huku akitazama picha ya mawimbi ya sauti. Halizimi likiwa katikati ya vali, kwani damu ingerudi nyuma kwa njia ya bomba lenyewe.

Kuhama huko ndiyo malalamiko ya kwanza; ya pili ni ya kukauka. Tufikirie jahazi lililopasuka ubao kati ya bahari, fundi akilitia kalafati, na baharia mmoja ameinama katika ngama akifua maji kwa upo. Baharia hazibi ufa. Anachokitoa ni muhula, ili mkono wa fundi usitetemeke. Maji yakiwa tele, upo hujaa. Yakipungua, naye akashikilia kufua kwa nguvu ileile, upo hukwaruza mbao, na nahodha mwenye akili asikiapo mkwaruzo huo hamwamrishi azidishe bidii, bali humwambia apunguze, kisha huchungulia maji yamekwenda wapi. Katika jahazi ukavu wa ngama ni neema, lakini katika moyo ni dalili ya msiba. Bomba likitaka damu nyingi kuliko iliyomo, ukuta wa moyo huvutwa mdomoni mwake na kengele ya mashine hulia. Hapo kasi hupunguzwa, na maswali huulizwa kwa taratibu: je, bomba limeegemea ukuta? Je, mgonjwa amepungukiwa damu? Je, upande wa kulia wa moyo umeshindwa kuipeleka damu mapafuni, hata wa kushoto ukakosa cha kupokea? Au damu imevujia katika mfuko unaouzunguka moyo, ikaubana?

Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Waya au puto la kuzibulia huweza kutoboa mshipa wa moyo, na kwa mgonjwa asiye na bomba, kuanguka kwa shinikizo la damu hutangaza ajali hiyo. Lakini bomba hulishikilia shinikizo hilo na kulisawazisha pigo la mshipa, hata hatari ikapata pazia la kujifichia, na pengine kengele ile ya ukavu ndiyo inayotangulia kuifichua. Dawa yake ni kulijaza puto palepale penye tundu ili lizibe, jambo ambalo moyo uliosaidiwa hulistahimili kwa muda mrefu zaidi, kisha kuweka stenti, kijibomba cha waya cha kuutegemeza mshipa, iliyovikwa utando, na kuitoa kwa sindano damu iliyoubana moyo. Heparini, inayozuia damu isigande bombani, ndiyo hiyohiyo inayozidisha uvujaji; kwa hiyo protamini, iitanguayo, hutolewa kwa kipimo na hadhari.

Yapo na mengine. Chembe nyekundu za damu huweza kupasuliwa na mzunguko ule mkali, mkojo ukageuka rangi ya chai kavu na figo zikaumia. Dalili hiyo ikionekana, bomba hukaguliwa mahali pake na kasi yake hupunguzwa. Mrija uliopita katika ateri ya paja huweza kuunyima mguu damu, ukapauka na kupoa. Hapo mrija mdogo wa pili huwekwa ili kuupelekea mguu damu, au bomba hutolewa.

Je, faida yake yazidi madhara hayo? Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio la DanGer, lililofanywa Denmaki, Ujerumani na Uingereza kwa wagonjwa 355 ambao mioyo yao ilishindwa kazi baada ya shambulio kubwa la moyo. Katika siku 180 walikufa 45.8 kwa mia ya waliowekewa bombamoyo, na 58.5 kwa mia ya wasiowekewa. Lakini madhara mazito yaliwafika 24 kwa mia ya wale wa kwanza, na 6.2 tu kwa mia ya wale wa pili. Hukumu yangu ni kwamba chombo hiki huokoa maisha mikononi mwa wanaokesha nacho, na hudhuru mikononi mwa wanaokiweka kisha wakakisahau. Basi wewe ambaye mzazi au ndugu yako atashauriwa kuwekewa bomba hili, usione haya kumwuliza tabibu, kabla ya kutia sahihi, ni nani atakayekitazama kiwambo na kuushika mguu wa mgonjwa usiku kucha.