Kusoma Si Kuiba

Ndugu msomaji, mshairi kijana akitoa beti zake gazetini, hakosi kuambiwa: "Wewe umemwiba fulani!" Wiki hii tujiulize: tutajuaje mshairi amesoma nini, na kusoma huko huwa wizi wakati gani?

Tumtazame Mwingereza John Keats, aliyezaliwa London mwaka 1795. Baba yake alisimamia mazizi ya farasi wa kukodi. Yeye mwenyewe alisomea uganga, na chuo kikuu hakukiona. Ushairi wa wakubwa aliupata vitabuni, na ushahidi wake upo wa namna tatu.

Kwanza, shahidi. Rafiki yake Charles Cowden Clarke, mtoto wa mwalimu mkuu wake, alimsomea na kumwazima mashairi ya Edmund Spenser wa karne ya 16. Clarke alieleza baadaye jinsi kijana alivyosisimkwa na maneno machache tu yanayowasifu nyangumi. Moja ya mashairi ya kwanza ya Keats lilikuwa la kumwiga Spenser, naye hakuficha: alilisema hilo katika jina la shairi.

Pili, kitabu chenyewe. Nakala yake ya Paradise Lost, utenzi wa John Milton uliotoka mwaka 1667, imehifadhiwa hadi leo. Ndani amepiga mistari chini ya maneno na kuandika maoni pembezoni.

Tatu, barua. Mwaka 1818 alianza utenzi uitwao Hyperion kwa mwendo wa Milton. Tarehe 21 Septemba 1819 alimwandikia rafiki yake kwamba ameuacha, kwa sababu umezidi mno kupindua mpangilio wa maneno kama alivyofanya Milton. Kazi ya miezi mingi ikawekwa kando! Lakini siku mbili kabla ya barua hiyo alikuwa ametunga To Autumn, shairi la majira ya mavuno, ambalo wengi hulihesabu miongoni mwa mashairi bora ya Kiingereza. Alifariki Roma mwaka 1821, akiwa na umri wa miaka 25.

Mwizi hufuta nyayo zake. Keats aliziacha wazi, kisha akawa mkali kwa nafsi yake alipoona sauti ya mwalimu inaifunika yake.

Basi, ndugu zangu, kijana akituletea shairi lenye harufu ya wakubwa, tusikimbilie kumwita mwizi. Tumuulize: "Umeshasoma, vema. Sasa wewe unasema nini?"

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.