Utangulizi: Msamaha Ukifika Dirishani

Anayeanza kusoma habari za msamaha kwa wahamiaji wasio na makaratasi kwa kawaida huanza na swali la haki: wanastahili au hawastahili? Humu hatutakaa nalo sana. Karibu, msomaji, upande wa dirishani, ambako karani hupokea fomu na kuuliza, "Uthibitisho uko wapi?"

Mfano wetu mkuu ni sheria ya Marekani iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan tarehe 6 Novemba 1986. Ilifungua njia ya ukaazi kwa walioishi humo bila kibali tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982. Maombi yao yalipokelewa kwa mwaka mmoja, kuanzia Mei 1987. Ukijumlisha na vibarua wa mashambani, watu wapatao milioni 2.7 walihalalishwa, na wanasiasa wengi huishia kwenye tarakimu hiyo.

Litazame sharti lenyewe. Mtu ameishi kwa kujificha, analipwa mkononi, chumba kimepangwa kwa jina la binamu yake. Leo anadaiwa risiti za pango na hati za mshahara. Aliyejua zaidi kujificha ndiye hana cha kuonyesha. Hata mwajiri anasita kumwandikia barua, maana barua hiyo inaweza kumletea yeye maswali ya kodi.

Kwa vibarua wa mashambani sharti lililegezwa: siku 90 za kazi katika mwaka ulioishia tarehe 1 Mei 1986. Wakaomba kama milioni 1.3, wengi kupita makadirio, na barua za kughushi zikawa biashara. Ukidai karatasi nyingi unawaacha wenye haki. Ukidai chache unawaingiza wasio nayo. Binafsi siamini kwamba kipo kipimo kinachokwepa hasara zote mbili, na sehemu kubwa ya kitabu hiki inatetea neno hilo.

Kulikuwa pia na waliorudishwa dirishani fomu zao hazijapokelewa, kwa sababu walitoka nje ya nchi kwa muda mfupi na maafisa wakaona wamekatiza ukaazi wao. Kesi zao zilivutana mahakamani hadi mapatano ya mwaka 2004. Na familia? Mume aliyefika 1981 alifuzu, mke aliyemfuata 1983 hakufuzu. Utaratibu wa kumkinga mke kama huyo asifukuzwe ulipanuliwa mwaka 1990.

Msomaji mwenye ndugu Dubai atauliza kuhusu msamaha wa huko, kama ule ulioanza Septemba 2024 na kuongezwa muda hadi mwisho wa Desemba. Huo ni wa aina nyingine: unafuta faini, kisha mtu ahalalishe hali yake au aondoke. Tutaufikia baadaye.

Sura ya kwanza inaanza na fomu ya Wamarekani, I-687. Kabla hujaisoma, jaribu kuijaza kwa maisha yako mwenyewe: kila anwani uliyoishi na kila kazi uliyofanya, pamoja na karatasi ya kuthibitisha.