Moyo Uendao Kombo: Maswali Kabla ya Kukubali Mrija

Kila asubuhi kivuko kinapofunguliwa, maelfu ya watu hupita kwa miguu katika Petite Barrière, mpakani mwa Gisenyi na Goma. Walio wengi ni akina mama. Huvuka na nyanya, karoti, kabichi na maziwa, wengine na mabeseni ya sambaza kutoka Ziwa Kivu, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Kwa mwenye moyo mzima mwendo huo ni sehemu ya kazi tu. Kwa mwenye moyo uendao kombo, hata zile hatua chache za kutoka kwenye foleni hadi dirisha la afisa wa uhamiaji zaweza kumfanya atue mzigo, ashike kifua na kutafuta pumzi.

Maradhi yanayozungumzwa hapa madaktari huyaita fibrilesheni ya atiria. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na kila pigo huanzishwa na cheche ndogo ya umeme itokayo chumba cha juu cha kulia. Katika maradhi haya cheche hutoka ovyo, zaidi ya mara 350 kwa dakika, na vyumba vya juu, badala ya kujikaza na kusukuma damu, hubaki vikitetemeka. Vyumba vya chini hupokea sehemu ya cheche hizo bila mpango, ndipo mapigo yanapokwenda mbio, yakiruka na kupishana. Aliye nyumbani aweza kuyahisi kwa vidole vitatu vilivyowekwa kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, akihesabu kwa dakika nzima. Moyo uliotulia hupiga kati ya mara 60 na 100, tena kwa mpangilio kama hatua za askari kwenye gwaride. Mpangilio ukikosekana kabisa, ni wajibu kwenda kupimwa umeme wa moyo.

Mapigo hayo ya ovyo yanachosha, lakini hatari kubwa iko kwingine. Damu inayotuama katika chumba kinachotetemeka huganda. Donge likichomoka hupanda hadi ubongoni, na mtu aliyelala mzima huamka mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatamkiki. Hicho ndicho kiharusi. Uchunguzi maarufu wa mji wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba maradhi haya huzidisha hatari ya kiharusi takriban mara 5. Na yakiambatana na vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, mara 17. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo kiini cha uamuzi wote utakaoelezwa hapa.

Na tuchukue mfano wa watu wawili, walioundwa tu kutokana na yale yajulikanayo juu ya maradhi haya. Wa kwanza ni sajini mstaafu mwenye umri wa miaka 61, ambaye ana shinikizo la damu la miaka mingi na vali zisizo na kasoro. Moyo wake huchafuka mara mbili au tatu kwa mwezi, hutulia wenyewe baada ya saa kadhaa, kisha hurudia, na vidonge vya kuutuliza havimsaidii tena. Wa pili ni mama mfanyabiashara wa miaka 38, avukaye Petite Barrière kila siku. Alipokuwa mtoto aliugua koo na kuvimba viungo, akapona, na jambo hilo likasahauliwa. Sasa moyo wake umechafuka kwa muda wa mwaka mzima na hupumua kwa taabu akilala chali.

Wote wawili wamesikia habari moja: kuna tiba ya kuingiza mrija mwembamba moyoni na kuunguza mahali penye hitilafu. Wote wawili wanauliza kama wakubali. Jibu lao haliwezi kuwa moja.

Tiba hiyo ina historia fupi. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Michel Haïssaguerre, walieleza habari za wagonjwa 45 ambao cheche zao potovu zilifuatiliwa hadi chimbuko. Karibu zote zilitoka katika midomo ya mishipa inayorudisha damu moyoni kutoka mapafuni. Tangu hapo kazi ya daktari imekuwa kupitisha mrija katika mshipa wa paja, karibu na kinena, kuufikisha chumba cha juu cha kushoto, na kuizungushia mishipa hiyo ukuta wa makovu madogo ili cheche zisivuke. Kovu hufanywa kwa joto au kwa baridi kali, na miaka ya karibuni hata kwa mipigo mifupi ya umeme. Kifua hakipasuliwi. Mgonjwa wa kawaida hukaa hospitalini siku chache tu.

Kwa sajini wetu, tiba hii ni ya kufikiriwa kwa dhati. Maradhi yake bado ni ya kuja na kuondoka, vali ni nzima, dawa zimeshindwa. Watu wa aina yake ndio wanaofaidika zaidi, ingawa baadhi yao moyo huchafuka tena katika mwaka wa kwanza na hulazimika kurudiwa. Lakini kabla ya kutia sahihi ni haki yake kujua mambo mawili ambayo wagonjwa wengi huyaelewa visivyo.

Kwanza, ajue anachokinunua. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uitwao CABANA, wa wagonjwa 2,204, uliolinganisha mrija na dawa. Waliopangiwa mrija walipata nafuu kubwa zaidi katika maisha yao ya kila siku, na moyo wao ulichafuka mara chache zaidi. Lakini vifo, viharusi vya kulemaza, kutokwa damu kwingi na moyo kusimama, vikihesabiwa pamoja, havikuonyesha tofauti ya kutegemewa kati ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo sajini anayesumbuliwa hata ameshindwa kupanda ngazi ana sababu njema ya kukubali. Mwenzake ambaye hahisi lolote, na amekubali kwa kuwa jirani kamwambia ataongeza miaka, ameelezwa vibaya.

Pili, mrija haumwachishi dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo huendelea angalau miezi miwili baada ya tiba kwa kila mgonjwa, na baada ya hapo huamuliwa kwa kutazama umri, shinikizo la damu, kisukari na kama aliwahi kupata kiharusi, wala si kwa kutazama jinsi anavyojisikia. Moyo waweza kuchafuka usiku, mwenyewe asijue. Wako waliotupa vidonge kwa furaha ya kupona, kisha kiharusi kikawafuata nyumbani.

Hatari za mrija wenyewe nazo zisemwe waziwazi. Ncha yake yaweza kutoboa ukuta wa moyo na damu ikajaa katika mfuko unaouzunguka. Donge laweza kwenda ubongoni wakati wa kazi. Mshipa wa paja waweza kuvuja. Penye uzoefu, madhara makubwa huwapata wachache katika kila wagonjwa 100. Penye uzoefu: ndiyo maana mgonjwa asione haya kumwuliza daktari kazi ya namna hii hasa ameifanya mara ngapi katika mwaka uliopita, na kama pana daktari wa upasuaji karibu iwapo jambo litaharibika. Vituo vinavyotibu umeme wa moyo kwa mrija vipo Nairobi na Dar es Salaam. Safari, malazi na marudio vyote vina gharama, kwa hiyo aliye katika bima ya matibabu ya wanajeshi, MMI, au katika bima ya jamii, aombe jibu la maandishi kabla ya kuuza ng'ombe.

Kabla hata ya hayo, sajini ana jambo la kufanya bila gharama. Gisenyi ni mji wenye kiwanda cha bia, na chupa za jioni ni desturi ya wastaafu wengi. Uchunguzi wa Australia uliochapishwa mwaka 2020 uliwagawa wanywaji 140 wenye maradhi haya: nusu waliombwa kuacha pombe, nusu wakaendelea. Katika miezi sita, moyo ulichafuka tena kwa 73 katika kila 100 walioendelea, na kwa 53 katika kila 100 walioacha. Hakuna mrija uliotumika. Kushusha shinikizo la damu na kupunguza uzito nako husaidia, tena husaidia hata baada ya mrija.

Sasa turudi kwa yule mama, kwa sababu wa namna yake ni wengi katika sehemu zetu, na habari zitokazo Ulaya hazimhusu moja kwa moja.

Ile homa ya utotoni haikuisha. Kinga ya mwili iliyoamshwa na vijidudu vya kooni ilishambulia vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, na mwaka baada ya mwaka vali ikakakamaa. Katika mtu mzima mlango huo una upana wa sentimita mraba 4 hadi 6. Ukipungua chini ya moja na nusu, mambo ni mazito. Damu hurundikana nyuma yake, chumba cha juu hutanuka kama puto, na kuta zilizotanuka ndizo zinazotetemeka. Kuunguza mishipa ya chumba hicho huku mlango ungali umebana ni sawa na kupaka rangi dari linalovuja bila kupanda juu ya paa.

Basi swali lake la kwanza si la mrija wa kuunguza, ni la vali, nalo hujibiwa kwa eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Kuanzia mwaka 2006 Wizara ya Afya ya Rwanda na shirika la Partners In Health walianzisha katika hospitali za wilaya za mashambani kliniki zinazoendeshwa na wauguzi waliofunzwa kutumia mashine ndogo za eko, na zimeonyesha kwamba muuguzi aweza kulitambua tatizo hili bila kumngoja bingwa. Vali ikiwa bado laini, yaweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa katika mshipa wa paja, ufundi ulioanzishwa na Mjapani Inoue na kutangazwa mwaka 1984. Ikiwa imeharibika mno, hubadilishwa kwa upasuaji. Upasuaji wa namna hiyo umekuwa ukifanyika Kigali katika Hospitali ya King Faisal, kwa miaka mingi kwa msaada wa timu za wageni, mojawapo Team Heart ya Boston iliyoanza kazi huko mwaka 2008. Kifua kikiwa kimefunguliwa, daktari aweza papo hapo kuutengeneza umeme wa moyo pia kwa mikato iliyobuniwa na James Cox wa Marekani mwaka 1987.

Akichaguliwa upasuaji, vali ya chuma hudumu lakini humfunga na warfarini maisha yake yote. Vali ya mnyama haimfungi hivyo, lakini kwa kijana huchakaa mapema. Tena warfarini huweza kudhuru mimba. Mwanamke wa miaka 38 ambaye bado anataka mtoto lazima aulizwe jambo hilo, na mumewe awepo akipenda, kabla ya vali kuchaguliwa wala si baadaye.

Vidonge vipya vya kuzuia damu isigande, visivyohitaji kipimo cha kila mara, vyafaa kwa sajini. Kwa mama huyu havifai. Uchunguzi uitwao INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuata wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24, wengi wao wanawake wenye vali za homa ya baridi yabisi, na waliotumia warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia kidonge kipya. Hivyo atabaki na ile dawa ya zamani na kipimo chake cha INR, ambacho kwa kawaida kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka damu huganda, kikipanda huvuja. Sombe na lengalenga si haramu, bali ale kiasi kilekile wiki zote, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Vidonge vya maumivu vinavyouzwa sokoni asivinunue bila kuuliza.

Na mpaka uhesabiwe katika uamuzi. Machi 2020 njia ya miguu ilifungwa kwa sababu ya korona. Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, ilikatika tena kwa muda. Anayelala upande mmoja na kutibiwa upande wa pili huweza kukosa kipimo na dawa kwa siku asizozipanga. Kwa hiyo muuguzi mwenye busara humwuliza mapema: "Mama, mpaka ukifungwa kesho, una vidonge vya siku ngapi nyumbani?" Hapo huandikiwa vya mwezi mzima, na jina la dawa, kipimo cha mwisho na tarehe yake huandikwa kwa Kifaransa na Kiswahili katika kadi inayotunzwa pamoja na kitambulisho, ili daktari wa upande wowote aweze kuendelea pale mwenzake alipoishia.